Mafuta hayana lehemu? Tuyaangalie vizuri

Julai iliyopita nilimkuta shangazi yangu wa Njombe akimwaga lita nzima ya mafuta ya kupima. Baridi ilikuwa imekaza, na chini ya chupa kulikuwa na ukungu mweupe uliotulia kama uji. "Mwanangu, nimeuziwa feki," akasema. Niliumia, maana lita ile ilikuwa hela yake ya mboga ya siku kadhaa.

Mafuta yale hayakuwa feki. Mengi ya yale tunayopimiwa dukani ni ya mawese yaliyosafishwa, na zaidi ya asilimia 40 yake ni mafuta yaliyoshiba, ambayo huganda mapema baridi ikiingia. Ukiisogeza chupa karibu na jiko, ukungu unayeyuka. Alizeti haigandi kwa sababu mafuta yake yaliyoshiba ni kama asilimia 11 tu.

"Chupa imeandikwa haina lehemu, basi jimwagie." Lehemu ndiyo kolesteroli, na dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Maandishi yale ni ya kweli, lakini ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, yawe ya nazi, mawese au pamba, kwani lehemu hutoka kwa wanyama. Lehemu iliyomo kwenye damu yako kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini lako mwenyewe, na mafuta yaliyoshiba ndiyo yanayoipandisha ile mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya mawese kina gramu 6 au zaidi. Vijiko vitatu vikiingia kwenye sahani yako, umebakiza kidogo sana, na hujagusa nyama wala maziwa. Alizeti nayo isikudanganye: ni nafuu kwa moyo, lakini kijiko chake kina kilokalori 120 sawa na cha mawese.

"Ya kukamua ni dawa, ya kiwandani ni sumu." Hapa kuna ukweli nusu. Kiwandani mafuta huondolewa utomvu, asidi na rangi, kisha harufu hutolewa kwa mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Ule wekundu wa mawese ya Kigoma, ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A, huishia humo. Ndiyo maana Tanzania na Kenya zimeagiza mafuta ya viwandani yaongezewe vitamini A. Joto hilo kali pia huzaa kemikali zisizofaa, hasa kwenye mawese, na mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilizitolea tahadhari. Lakini usafishaji huohuo huondoa sumukuvu kwenye mafuta ya karanga, na huyapa mafuta uwezo wa kuhimili moto. Alizeti iliyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 230 hivi. Ile ya mashine ya mtaani huanza mapema zaidi. Mimi ya kukamua natia kwenye mchicha, moto mdogo. Maandazi nakaangia yaliyosafishwa.

Na chupa isikae dirishani. Mwanga huila ile vitamini A iliyoongezwa.

"Yakibaki, yachuje, yatakaanga tena." Mara moja au mbili, kama hayakuungua, sawa. Ila kitambaa kinanasa makapi tu. Kile ambacho moto umekwisha kukiharibu kinapita. Tazama sufuria yenyewe: mafuta yamekuwa mazito, yanatoa povu lisilokata, moshi unapanda kabla hujatia kitu, na harufu inakaba koo. Hayo, shangazi, ndiyo ya kumwaga.