Ekseli mbili si dawa ya trela kuyumba

Juzi tena. Mteja kaja na trela jipya la ekseli mbili, jenereta kaipakia nyuma kabisa karibu na mlango, mbele kajaza magodoro. Nikamwambia jenereta ije mbele. Akacheka: "Fundi, hili lina ekseli mbili, haliyumbi hili." Maneno hayo nimeyasikia hadi nimechoka.

Linayumba. Huchelewa kuanza kuliko la ekseli moja, sikatai, na tairi moja likipasuka mwenzake wa upande uleule hulishikilia kidogo. Lakini kinachotuliza trela ni uzito unaokandamiza ndoano ya gari. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, mkono wa trela, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, huinyanyua ndoano, na tairi za nyuma za gari hupungukiwa mshiko. Sasa lori likupite kwa kasi, au upepo ukupige ubavuni: mkia unaanza kucheza. Likicheza, usilikimbie kwa kuongeza mafuta wala usikanyage breki kwa hofu. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani. Kama breki za trela zina swichi yake, iminye taratibu.

Ndoano ikandamizwe kiasi gani? Marekani wanasema asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela pamoja na mzigo, yaani kilo 200 na zaidi kwa trela la kilo 2,000. Gari nyingi za Ulaya ndoano yake mwisho ni kilo 75 au 100. Ndiyo maana asilimia peke yake siiamini. Nasoma kwanza kibao cha ndoano, kilichoandikwa uzito wake wa mwisho. Na kupima kwenyewe ni kizungumkuti. Trela moja nililipima mara tatu asubuhi moja, nikapata namba tatu, kwa kuwa kila mara mkono ulikuwa kwenye kimo tofauti. Ukiupandisha mkono, ekseli ya mbele inapumzika na ya nyuma inabeba, hasa kwenye ekseli za mpira (zenye mpira ndani badala ya springi), ambazo hazigawani mzigo kama springi za bapa zenye kiungo katikati. Basi pima mahali tambarare, kwa kimo kilekile cha safari. Hata hapo, namba hiyo naichukua kama makadirio.

Ndoano iliyo juu mno huleta shida hiyohiyo barabarani: ekseli ya nyuma hubeba zaidi, na tairi zake hupata moto mno.

Mengine upesi. Ekseli mbili za kilo 1,500 hazikupi ruhusa ya kilo 3,000. Angalia tairi, ndoano na gari, namba ndogo ndiyo yako. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi.

Jenereta tuliisogeza, watu wanne, ikakaa mbele kidogo ya ekseli. Alipokuwa anafunga kamba akaniuliza kama naweza kumwongezea ekseli ya tatu.