Kinu cha umeme si lazima kiwe bora kuliko cha mkono

Wengi wanaoanza kujisagia kahawa nyumbani huamini kwamba mashine ya umeme, hata ile ndogo ya visu, lazima isage vizuri kuliko kinu cha kuzungusha kwa mkono. Sivyo. Kinachoamua ladha ni jinsi buni inavyovunjwa, si nguvu ya mota.

Visu havisagi, vinakatakata. Fungua mfuniko uangalie: juu kuna vipande vikubwa kama chenga za mchele, chini unga mwembamba umeganda pembeni. Ukimwaga maji ya moto, unga hutoa uchungu haraka huku vile vipande vikiwa bado havijatoa utamu wake, na kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Hapo watu huilaumu buni, nayo haina kosa lolote!

Kinu cha meno, kiwe cha mkono au cha umeme, huponda buni katikati ya vyuma viwili vyenye nafasi unayoipanga mwenyewe, ndiyo maana chembe hutoka karibu sawa. Kwa pesa ileile, cha mkono mara nyingi husaga vizuri zaidi, maana hulipii mota. Kama tayari una cha visu, bonyeza kwa vipindi vifupi huku ukikitikisa, itasaidia kidogo.