Anime ya Sinema: Lini Ulipe Kiingilio, Lini Usubiri

Kila inapotangazwa filamu mpya ya anime, yaani katuni za Kijapani, vijana wa Arusha na Moshi wanaonifahamu huniuliza kama inafaa kulipiwa kiingilio au isubiriwe mtandaoni, na mimi kwanza huwauliza kama filamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi, au ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni kisha ikapelekwa ukumbini. Umaarufu wa hadithi hausaidii sana kuamua, kwa sababu hadithi nzuri hubaki nzuri hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Unachokilipia ukumbini ni picha na sauti ambazo huwezi kuzipata nyumbani, na kama filamu haikuandaliwa hivyo tangu mwanzo, fedha yako imenunua giza na bisi. Kazi yangu hapa Arusha ni kuchanganya sauti za filamu za wanyamapori, matangazo ya utalii na, bahati ikitokea, filamu fupi za vijana wetu, kwa hiyo msomaji asishangae nikiegemea upande wa masikio kuliko wachambuzi wengi wanavyofanya.

Zamani filamu zilizotokana na anime za televisheni zilikuwa na desturi ya kutoigusa hadithi kuu. Kampuni ya Toei ilikuwa ikitoa filamu za Dragon Ball Z nyakati za likizo za shule za Japani, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na urefu wa saa moja hivi au pungufu, kwa kuwa zilionyeshwa pamoja na katuni nyingine katika programu moja ya watoto. Manga yenyewe, yaani hadithi ya katuni ya kuchapishwa ambayo anime ilitokana nayo, ilikuwa bado inachapishwa kila wiki, hivyo mwandishi wa filamu hakuruhusiwa kumuua mhusika mkuu wala kubadilisha jambo lolote ambalo manga ingelihitaji baadaye. Adui alitokea, akapigwa, akasahaulika. Adui aitwaye Broly, wa filamu ya mwaka 1993, alipendwa mno, lakini ilibidi isubiriwe filamu ya 2018, kwa muswada wa Akira Toriyama mwenyewe, mbunifu wa Dragon Ball, ndipo aingizwe katika hadithi rasmi. Mtu aliyezikosa filamu za namna ile hakupungukiwa na kitu alipoendelea na mfululizo.

Mambo yalibadilika kwa kishindo mwaka 2020. Demon Slayer: Mugen Train, iliyotoka Japani mwezi Oktoba mwaka huo, ilichukua sura halisi ya hadithi, ile inayofuata moja kwa moja baada ya msimu wa kwanza, ikaifanya filamu ya dakika 117. Mapato yake nchini Japani yalipita yeni bilioni 40, ikaipiku Spirited Away ya 2001 iliyokuwa imeshikilia rekodi kwa karibu miaka ishirini. Leo mtazamaji anayeruka filamu ya aina hii huanza msimu unaofuata akiwa hajui nani amekufa. Hata hivyo, mwaka uliofuata filamu hiyo hiyo ilikatwa vipande na kurushwa kwenye televisheni kama sehemu saba, ya kwanza ikiwa mpya. Kwa hiyo hata sura halisi ya hadithi inaweza kukufikia nyumbani ukiwa na subira, na hofu ya kupitwa, ambayo ndiyo inayowasukuma wengi kukata tiketi, si sababu ya kutosha.

Iko aina nyingine ambayo ndiyo huwa nawaonya watu kuihusu. Februari 2023 ilitoka filamu iliyoitwa To the Swordsmith Village, ya Demon Slayer hiyo hiyo, na ndani yake zilikuwamo sehemu mbili za mwisho za msimu uliokwisha kurushwa, pamoja na sehemu ya kwanza ya msimu uliokuwa haujaanza. Mimi huiita filamu ya namna hiyo kiporo kilichopashwa moto na kuwekewa kachumbari mpya juu. Kiporo kinaweza kuwa kitamu, sikatai, na wapo wanaofurahia kupiga makofi pamoja na wenzao kwa tukio walilokwisha kuliona mara kumi, ila mtu ajue anachokilipia. Tangazo ndilo hukupa dokezo: likitaja msimu mpya unaokuja na kuahidi kwamba utauona mwanzo wake kabla ya wengine, jua kwamba umeletewa televisheni katika skrini kubwa. Attack on Titan: The Last Attack ya 2024 nayo iliunganisha vipindi viwili vya mwisho vilivyokwisha kurushwa, lakini waliifanyia kazi upya picha na wakaichanganya sauti kwa mfumo wa 5.1, yaani wa njia sita za sauti, na hilo kwangu linabadilisha hesabu.

Kwa nini picha ya televisheni hupwaya ukumbini? Filamu ina fremu, yaani picha tuli, 24 kwa sekunde, lakini anime ya televisheni, tangu Osamu Tezuka na studio yake ya Mushi walipoanza kurusha Astro Boy mwaka 1963, imejengwa juu ya ubanaji wa michoro. Mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu tatu, hivyo sekunde nzima hutosheka kwa michoro minane, na mara nyingi kinachosogea ni mdomo peke yake huku mwili ukiwa umetulia tuli. Kwenye kioo cha simu jicho halilalamiki. Skrini ikiwa na upana wa mita kumi na zaidi, mhusika anayeteleza badala ya kutembea anaonekana waziwazi. Filamu iliyokusudiwa ukumbi hupewa muda na michoro mingi zaidi, na mfano wa kupindukia ni Akira ya 1988, ambayo ilitumia karatasi za plastiki zilizopakwa rangi zaidi ya 160,000.

Watu wengi hudhani kwamba skrini kubwa huwa na picha yenye pikseli, yaani nukta za picha, nyingi zaidi. Faili la kawaida la sinema la 2K lina pikseli 2048 kwa 1080, wakati televisheni ya nyumbani ya kawaida ina 1920 kwa 1080, tofauti ambayo jicho halitaihisi. Sinema inakushinda kwa kina cha rangi, kwa giza la ukumbi, na zaidi ya yote kwa sauti.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopata riziki yangu. Sauti ya sinema husafiri bila kubanwa, katika njia sita au zaidi zinazojitegemea: spika tatu nyuma ya skrini, ile ya katikati ikibeba mazungumzo, nyingine kwenye kuta za pembeni na nyuma, na moja ya besi peke yake. Televisheni, kwa upande wake, hulazimika kusawazisha wastani wa sauti ya vipindi ili mtazamaji asishtuliwe na tangazo la sabuni, na mchanganyaji anayejua kwamba watu wengi watatumia spika ndogo hupandisha minong'ono na kushusha vishindo. Matokeo yake, umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa hupungua. Sabufa zetu, hizi zinazotikisa milango ya vinyozi kule Ngarenaro, haziurudishi umbali huo, kwa sababu zinavuma kwa kila kitu kwa kiwango kilekile, iwe ni radi, ngumi au mlango unaofungwa taratibu.

Mfano ninaopenda kuutoa ni The First Slam Dunk, filamu ya mpira wa kikapu iliyotoka Desemba 2022 na kuongozwa na Takehiko Inoue, aliyeandika na kuchora manga yenyewe. Uti wa mgongo wa filamu ni mechi moja, inayokatizwa na kumbukumbu za wachezaji. Unasikia raba za viatu zikilia juu ya sakafu kutoka upande ule ambako mchezaji yupo, mpira ukidunda kwa uzito tofauti kadiri unavyokaribia, na mashabiki wakiwa nyuma ya kisogo chako. Halafu zinafika sekunde za mwisho, na sauti yote inaondolewa. Muziki hakuna, mashabiki hawasikiki, hata pumzi ya mchezaji haipo, na michoro inabaki ikikimbia peke yake. Ukumbini, kimya hicho kinakaliwa na watu mia waliosahau kutafuna bisi. Nyumbani kwangu, kimya hicho hicho kilijazwa na friji, bodaboda iliyokuwa ikipandisha mlima, na jirani aliyekuwa akiita kuku wake. Mchanganyaji wa sauti aliyeandika kimya kile alikiandika kwa ajili ya ukumbi, na hakuna kifaa cha nyumbani kitakachokirudisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, One Piece Film: Red ya 2022 inastahili kiingilio. Haibebi sura yoyote ya manga, lakini imejengwa juu ya nyimbo zilizoimbwa na Ado kwa niaba ya mhusika Uta, na tamasha la muziki lisikilizwe mahali penye spika za tamasha. Ningemwambia mtu alipe, hata kama si shabiki wa hadithi hii ya maharamia.

Jambo jingine ni mahali ulipofikia katika hadithi. Demon Slayer: Infinity Castle ya Julai 2025 ina dakika 155, ni ya kwanza kati ya filamu tatu, na inaanza pale pale msimu wa 2024 ulipoishia, bila kumsubiri mtu. Picha zake za ngome inayojikunja zimestahili ukumbi kuliko karibu kila kitu nilichokitaja hapo juu, ingawa kwa ladha yangu mapigano yanakatizwa mno na kumbukumbu ndefu za maadui, na mgeni wa hadithi atazipokea kumbukumbu hizo kama mzigo. Chainsaw Man – The Movie: Reze Arc, ya mwaka huo huo, inadai uwe umetazama sehemu 12 za mwaka 2022, kazi ya chini ya saa tano, ambayo mtu anaweza kuimaliza mwishoni mwa wiki kama bando linamruhusu. Jujutsu Kaisen 0 ni tofauti: matukio yake yametangulia mfululizo mkuu, kwa hiyo unaweza kumchukua binamu asiyejua lolote na akaelewa kila kitu.

Kuhusu filamu za waigizaji halisi zinazotokana na anime na manga, jibu langu ni fupi: subiri. Dragonball Evolution ya 2009 ilimfanya mwandishi wa muswada wake, Ben Ramsey, aombe radhi hadharani miaka kadhaa baadaye. Alita: Battle Angel ya 2019 ni miongoni mwa chache nilizoona zinastahili skrini kubwa.

Sasa hesabu ya anayetoka Moshi, kwa maana kijana mmoja wa mtaa wa Soweto huko aliniandikia hivi karibuni: “Kaka, nipande Coaster nije Arusha, au nisubiri itoke?” Barabara ni ya kilomita 80 hivi, lakini Coaster husimama Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi na nusu siku yako ni sehemu ya bei ya tiketi. Filamu ya dakika 155 inayoanza saa moja usiku, ukiongeza matangazo, itakutoa ukumbini karibu saa nne, wakati stendi imeshatulia, na usipokuwa na ndugu wa kukulaza Kijenge au Sakina utalipa mara mbili. Nilimjibu achague onyesho la mchana, na aje kwa ajili ya filamu iliyotengenezwa kwa ukumbi tu. Asikawie sana kuamua, kwa sababu katika miji kama yetu anime hupewa maonyesho machache na kuondolewa upesi.

Akina mama na akina baba wanaodhani kwamba katuni yoyote ni ya watoto waangalie daraja la umri kabla ya kukata tiketi za familia. Mugen Train na Infinity Castle zote zilipewa daraja la R nchini Marekani, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, kwa kuwa vichwa hukatwa na damu humwagika. Mtoto wa darasa la tatu hatalala vizuri.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize kama onyesho ni la Kijapani lenye maandishi ya Kiingereza au limeingizwa sauti za Kiingereza, maana ukumbi mmoja unaweza kuwa na yote mawili kwa saa tofauti. Ukiingia, kaa katikati ya safu, kiasi cha theluthi mbili kutoka kwenye skrini, karibu na mahali ambapo mchanganyaji hukaa anapofanya kazi. Na mazungumzo yakisikika kama yanatoka chooni, au upande mmoja wa ukumbi ukiwa bubu, usivumilie kwa adabu. Niliwahi kukaa katika ukumbi ambao spika ya katikati ilikuwa imezimika, na watu wote tulitazamana tu. Toka ukamwambie mhudumu katika dakika tano za kwanza, wakati bado inawezekana kuirudisha filamu mwanzo.