Ulitetemeka, sawa. Ulijifunza nini?

Wahamasishaji wametuchosha na hili: jambo likikutisha ujue huko ndiko kwenye ukuaji, kwa hiyo jitose, na kadiri linavyotisha ndivyo utakavyokua. Kisha watu wanatufikia sisi wa tiba ya hofu wakiwa wameshajitosa vya kutosha. Wametokwa jasho, wamekosa usingizi, na hofu iko palepale ilipokuwa, pengine imenenepa kidogo. Wanajilaumu kwamba hawakujikaza. Walijikaza sana tu. Walichokosa ni kitu kingine.

Kabla ya hapo, neno moja kwa wahamasishaji wanaochora miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine: faraja, kujifunza, taharuki. Wengi wao huiegemeza michoro yao kwenye jaribio la Robert Yerkes na John Dodson la mwaka 1908. Lilikuwa jaribio la panya wadogo waliofundishwa kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, na aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Uchaguzi ulipokuwa rahisi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Ulipokuwa mgumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa zaidi. Hakuna aliyewauliza panya kuhusu ndoto zao za maisha. Na hata tukikubali kulihamishia kwa binadamu, linawapinga hao hao wanaolinukuu, maana mambo tunayotaka kuyamudu kwa kawaida ndiyo magumu.

Sasa kiini. Hofu ni utabiri. Anayeogopa kuzungumza kikaoni hatetemeki bure. Ndani yake kuna sentensi inayosema "nikifungua mdomo, litatokea hili". Kinachombadilisha ni sentensi hiyo kukutana na ukweli na kushindwa. Kutetemeka hakufundishi kitu. Ukitetemeka saa nzima bila utabiri wako kujaribiwa, umepata saa nzima ya kutetemeka.

Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, andika. Kadi ndogo inatosha: nitafanya nini, naogopa litokee nini, nina uhakika kiasi gani kati ya 0 na 100, na nitajuaje kama limetokea. Mfano: "Nitauliza swali moja kikaoni. Sauti itakatika na watu watacheka. Uhakika 80. Nitahesabu kuwa wamecheka iwapo angalau wawili watacheka waziwazi." Sehemu ya mwisho ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka. Usipoweka kigezo mapema, aliyekohoa atageuka kuwa aliyekucheka.

Na usiandike "nitajisikia vibaya". Bila shaka utajisikia vibaya! Huo ni utabiri unaotimia kila mara, na kila unapotimia hofu inapata ushahidi mpya. Andika jambo ambalo mtu mwingine aliyeketi chumbani humo angeweza kuliona.

Tufike kwenye kinachoniudhi kuliko yote: vijikinga, yaani hila ndogo tunazofanya ili tunaloogopa lisitokee. Mtu anasema, "Nimehutubia mara nyingi na bado naogopa." Muulize alivyohutubia. Alisoma karatasi neno kwa neno. Alizungumza haraka ili amalize. Alishika glasi kwa mikono miwili ili vidole visionekane. Alianza na "samahani, mimi si mzoefu" ili wasimtarajie makubwa. Alimtazama rafiki mmoja tu, yule anayeitikia kwa kichwa hata tangazo la hali ya hewa. Hotuba ikaisha salama, na akili ikafanya hesabu yake: nimenusurika kwa sababu ya karatasi, glasi na rafiki. Siku karatasi ikisahaulika, hofu inarudi ikiwa kamili, kwa kuwa haikuwahi kuguswa. Kwa nje anaonekana jasiri kabisa, na wanaomshauri wanamwambia aongeze hotuba. Aongeze za nini? Apunguze vijikinga. Hotuba moja ya dakika 3 bila karatasi ina kazi kuliko kumi za kusoma.

Vijikinga vya kichwani ni vibaya zaidi kwa sababu havionekani: kurudiarudia sentensi kimyakimya kabla ya kuitamka, kujikagua sauti wakati unazungumza, kujihamisha kimawazo hadi yaishe. Viorodheshe kimoja kimoja, halafu ondoa viwili au vitatu katika kila zoezi. Ukiviondoa vyote siku ya kwanza, wengi hawarudi siku ya pili.

Je, kuvuta pumzi taratibu ni kijikinga? Hapa sisi wenyewe tunabishana. Anayepumua kidogo ili aweze kuingia mlangoni, simgombezi. Anayepumua akiamini kwamba asipofanya hivyo atazimia, huyo ana kijikinga, na lazima siku moja aingie bila hicho. Mstari kati ya hao wawili si safi kama vitabu vinavyoonyesha, na wakati mwingine unaonekana pale tu mtu anapoombwa aache.

Kuhusu ngazi, yaani orodha ya mazoezi kuanzia lisilotisha sana hadi linalotisha zaidi, nitakwenda haraka, maana imeshaelezwa mno. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimpunguzia mtoto aliyeitwa Peter hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo hatua kwa hatua huku mtoto akila chakula anachokipenda, na mpaka leo tunapanga vivyo hivyo: hatua 8 hadi 12, kila moja na alama yake ya hofu kati ya 0 na 100, uanzie penye 40 au 50. Chini ya 30 unapoteza muda. Juu ya 80 mtu huwa anapambana asikimbie tu, hana nafasi ya kutazama kinachotokea. Mpangilio wenyewe si mtakatifu. Wapo wanaoruka kutoka hatua ya tatu hadi ya saba na wakafanikiwa.

Jingine ambalo zamani tulilisisitiza mno: kaa hadi hofu ishuke. Watafiti Edna Foa na Michael Kozak mwaka 1986 waliupa ushukaji huo nafasi kubwa katika maelezo yao ya jinsi hofu inavyotibika. Baadaye mtafiti mwingine, Michelle Craske, na wenzake wakaonyesha kwamba hofu kushuka ndani ya zoezi hakutabiri vizuri matokeo ya mbele. Siku hizi nasema: kaa hadi utabiri ujaribiwe. Ukitoka na hofu ya 70 lakini umeona hakuna aliyecheka, zoezi limefanya kazi. Ila usitoke hofu ikiwa kileleni kabla hujaona. Nafuu ya kukimbia ni tuzo, na akili hurudia kinachotuzwa.

Yanayoharibu zoezi mara nyingi ni haya. Kulifanya mara moja kwa mwezi. Lenga mara 3 au 4 kwa wiki. Kulifanya mahali pamoja na watu walewale. Hofu iliyozimwa chumba kimoja hurudi chumba cha pili, kwa hiyo badilisha saa, watu na mahali. Kusema "nilibahatika", jibu la hilo ni kurudia zoezi lilelile, si kubishana. Na ule uchambuzi wa usiku kucha: jaza kadi ndani ya dakika 10 baada ya tukio, andika kilichotokea dhidi ya ulichotabiri, kisha faili limefungwa.

Kuna wakati utabiri unatimia. Uliuliza swali na kweli hukueleweka. Hapo usirudie kwa ukaidi, kwa kuwa huenda hofu ilikuwa sahihi na kinachopungua ni ujuzi: jifunze kuandaa swali fupi, lifanyie mazoezi, halafu ujipime upya. Wahamasishaji hawagusi hapa kabisa. Wanachanganya pia hofu ya aibu na hatari halisi. Kuacha kazi bila akiba hakuingii kwenye ngazi yangu, hata kama kunakutisha kwa 95. Na anayeandamwa na kumbukumbu za kiwewe asijipangie mazoezi peke yake kwa kusoma blogu, hii ikiwemo.

Ukipumzika miezi kadhaa, tarajia hofu irudi kiasi. Shuka hatua mbili, toa kadi mpya, anza tena bila karatasi.