Je, wajua kwa nini mlango wa sinema ya zamani hufungukia nje?

Kuna sinema ya zamani hapa Nakuru siku hizi ni kanisa, na kila nikienda harusi hapo navuta mlango wa pembeni nitoke, haufunguki, hadi mama mmoja akaniambia, "Sukuma, kijana yangu."

Mimi nilijua ni ujanja wa kuzuia wasio na tiketi. Nje hakuna kishikio, ndani kuna chuma kimelala upana wa mlango, sasa utadandia aje? Niliwaelezea watu hii maneno na uso mkavu kabisa, hata nikaongezea ati inaokoa nafasi ya viti. Na ni kweli ukiwa nje huingii, lakini hiyo ni nyongeza tu, mlango uliwekwa hivyo kwa sababu ya walio ndani.

Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois, Chicago, uliotangazwa ati haushiki moto, uliwaka katikati ya onyesho la mchana. Watu 602 walikufa, wengi akina mama na watoto. Baadhi ya milango ilifungukia ndani.

Fikiria stoo ya mahindi, wewe uko ndani na gunia moja limeegemea mlango unaofungukia ndani. Utalisogeza. Sasa weka magunia hamsini nyuma yake, yote yanasukuma. Aliye mlangoni anajua arudi hatua moja nyuma, wa nyuma haoni kitu, anasukuma tu, na miili yenyewe inageuka kufuli. Geuza bawaba, msukumo ule ule unafungua. Lakini usiubebeshe mlango lawama yote, kule Iroquois milango mingine ilikuwa imefungwa kabisa na mingine ilikuwa na komeo ambazo watu hawakuzijua.

Hapo ndipo chuma kinaingia. Carl Prinzler, muuza vifaa vya ujenzi wa Indianapolis, alikuwa aende onyesho hilo akakosa, baadaye akashirikiana na Henry DuPont wakatoa chuma cha kusukuma, kikaanza kuuzwa 1908. Hauhitaji kujua komeo, ukigonga na mwili tu inaachia.

Na cha ajabu, jengo la Iroquois lenyewe halikuanguka, lilirekebishwa likafunguliwa kwa jina lingine. Lilipobomolewa, hapo hapo ikajengwa sinema ya Oriental, 1926, ikafungwa 1981, ikafufuliwa 1998 na maonyesho yanaendelea.

Yetu ilifufuliwa na Injili. Chuma cha ule mlango kina kutu pande zote mbili, kinang'aa katikati tu, pale viuno hugonga.