Mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma: yanayoaminiwa na ukweli wake

Gari lenye springi za koili nyuma likipakiwa mizigo mizito au likifungwa trela, upande wa nyuma hudidimia, taa za mbele huelekea juu na kuwaumiza macho madereva wanaokuja, na magurudumu ya mbele, kwa kuwa yamepunguziwa uzito, hayashiki barabara vizuri. Mifuko ya hewa ya kusaidia springi imetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Huingizwa katikati ya koili na kujazwa upepo kupitia valvu inayofanana na ya tairi.

Dhana iliyoenea zaidi, na yenye hatari kuliko nyingine zote, ni kwamba mifuko hiyo huongeza uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Haiongezi hata kilo moja. Kikomo cha uzito huwekwa na mtengenezaji wa gari kwa kuzingatia ekseli, breki, beringi, matairi na chasisi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoimarika kwa kuwa springi imepata msaidizi. Maelezo ya bidhaa yanapotaja uwezo wa takriban kilo 450, yanazungumzia nguvu ya mifuko yenyewe ya kuinua na kusawazisha gari, wala si ruhusa ya kuongeza mzigo. Jambo hili lanitia wasiwasi kwa sababu gari lililosawazishwa huonekana halijaelemewa, na dereva hukosa dalili ambayo ingemwonya. Anayetaka uhakika alipime gari kwenye mizani, kisha alinganishe uzito huo na kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.

Wapo pia wanaoamini kwamba upepo ukizidi, gari hutulia zaidi. Mifuko mingi ya aina hii hufanya kazi kati ya psi 5 na psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), na kwa kuwa nafasi yake ya ndani ni ndogo, pampu ya matairi huweza kuvuka kikomo hicho kwa muda mfupi sana. Tena, gari tupu lenye mifuko iliyojaa huwa gumu na hurukaruka nyuma. Kosa la upande wa pili ni kuuachia upepo wote baada ya kushusha mzigo: mfuko usio na upepo hujikunja, hubanwa na koili na kuchubuka, na ndiyo maana kiwango cha chini lazima kibaki humo wakati wote.

Kuhusu mirija inayopeleka upepo kwenye mifuko, mafundi wengi huunganisha mifuko yote miwili kwa kiungo chenye umbo la T na valvu moja, wakidhani hakuna tofauti. Njia hiyo ni rahisi na huweka upepo sawa pande zote, lakini gari linapokata kona, upepo husukumwa kutoka mfuko wa upande unaolemewa kwenda ule wa pili, na gari huzidi kulala. Kila mfuko ukiwa na mrija na valvu yake, hali hiyo haitokei, na mzigo ulioegemea upande mmoja unaweza kusawazishwa. Kwa gari lenye kimo kirefu, ningechagua njia hii bila kusita.

Si kweli kwamba lazima springi zitolewe. Katika magari mengi chasisi huinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara, ekseli ikashushwa taratibu, bila kuvuta mipira ya breki, hadi koili zikaachana. Kisha mfuko uliokamuliwa upepo na kukunjwa hupenyezwa kati yake. Mengine huhitaji springi kutolewa, au kizuizi cha mpira kilichomo ndani yake kuondolewa kama maelekezo yanavyosema. Ekzosi ndiyo adui mkubwa: mrija uwe mbali nayo angalau sentimita 15, na mahali pasipo na nafasi ya kutosha iwekwe ngao ya joto. Viungo vyote vipakwe maji ya sabuni ili kuona kama vinavuja.

Mwisho, mifuko haifufui springi zilizochoka wala haifanyi kazi ya shokapu. Springi iliyovunjika ibadilishwe kwanza, kwani ncha yake kali itautoboa mfuko.