Mifupa ya watu 2,111, na majina yaliyobaki vitabuni

Wageni wengi wa Arlington, makaburi ya kitaifa ya Marekani yaliyo ng'ambo ya Mto Potomac ukitokea Washington, huenda moja kwa moja kwenye kaburi la Kennedy, kisha kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana kutazama walinzi wakipokezana zamu. Wachache hufika kwenye miti iliyo karibu na bustani ya maua ya nyumba ya zamani ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Hapo kuna jiwe kubwa la kijivu lenye umbo la jeneza, kimo chake kama cha mtu mzima aliyesimama. Chini yake imelala mifupa ya askari 2,111 wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865.

Mimi nasomea na kufanyia kazi mifupa ya binadamu. Asubuhi niliyofika pale kulikuwa na baridi kali, na maandishi ya jiwe niliyasoma mara tatu. Yanasema askari hawa walikusanywa baada ya vita kutoka viwanja vya mapigano vya Bull Run na njia ya kwenda Mto Rappahannock, huko Virginia, na kwamba mabaki yao hayakuweza kutambuliwa. Kisha yanasema kwamba majina yao na vifo vyao vimeandikwa katika kumbukumbu za nchi yao. Hapo ndipo niliposhikwa. Watu hawa hawakukosa majina: majina yako kwenye makabati ya serikali, mifupa iko shimoni, na hakuna awezaye tena kusema lipi ni la nani.

Ilikuwaje? Bull Run palipiganwa mara mbili, 21 Julai 1861 na mwishoni mwa Agosti 1862, na mara zote mbili jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Washington, ndilo lililoshindwa. Anayerudi nyuma huacha maiti zake, na huzikwa na watu wasiowajua, kwa haraka, kwenye mitaro mifupi. Askari hawakupewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Jeshi la Marekani lilikuja kuanzisha hicho mwaka 1906. Baadhi yao waliandika majina kwenye karatasi na kuyabana kwenye makoti kabla ya mapigano. Karatasi haidumu udongoni kwa miaka mitano. Kilichobaki cha kumtofautisha mtu ni vifungo na mikanda, na askari wengi walivaa walichookota. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba hamna mifupa ya watu wa Kusini humo ndani.

Montgomery Meigs, mkuu wa ugavi wa jeshi la Kaskazini, aliagiza shimo lichimbwe upana na kina kama mita sita, likajengewa matofali. Alipachagua kwa makusudi, kando ya bustani, ili familia ya Lee isiweze tena kuishi pale kwa raha. Mwanawe mwenyewe aliuawa vitani Oktoba 1864, na kaburi lake liko Arlington. Shimo likagawanywa vyumba. Gazeti la Washington la wakati huo lilieleza mpangilio wake: mafuvu chumba kimoja, miguu kingine, mikono kingine, mbavu kingine. Septemba 1866 likafungwa.

Kwa mtu wa kazi yangu, maelezo hayo yanauma. Ukipokea mifupa iliyochanganyika, unachagua mfupa mmoja wa upande mmoja, tuseme wa paja la kushoto, na kuuhesabu. Ukipata arobaini, basi watu hawapungui arobaini. Baada ya hapo unatafuta wenzao: kichwa cha paja kinaingia kwenye tundu la nyonga, na kila jozi ina mkao wake. Mtulinga, yaani mfupa unaotoka juu ya kifua hadi begani, hukusaidia kujua umri, kwa sababu ncha yake ya upande wa kifua huchelewa kuungana na mwili wa mfupa, mara nyingi hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 18 huonekana wazi. Lakini yote hayo yanategemea mifupa ya mtu mmoja iwe imelala pamoja tangu mwanzo. Ukishapeleka fuvu huku na paja kule, umemkata mtu vipande ambavyo hata risasi haikumkata. Siwalaumu waliofanya hivyo. Walijaribu kuwapa heshima kwa elimu ya siku zao.

Zamani juu ya jiwe palikuwa na mizinga minne na rundo la marisasi yake. Kufikia 1893 viliondolewa, na nafurahi.

Huulizwa kama leo tungeweza kulifungua tukatumia vinasaba. Kwa mabaharia wa meli ya USS Oklahoma, iliyozama Pearl Harbor mwaka 1941, ilifanyika: makaburi yalifukuliwa kuanzia 2015, na zaidi ya 350 wamerudishiwa majina. Ila wale walikuwa karibu 390, orodha ya waliokuwa melini ilijulikana, na ndugu zao wengi walikuwa hai kutoa sampuli. Huku Bull Run tunatafuta vizazi vitano au sita vya ukoo, kwa vijana ambao wengi wao hawakuacha mtoto.

Nisingelifungua. Ningependa yale majina yatolewe makabatini na kuandikwa pale pale, kando ya jiwe, kila aliyeuawa kwenye viwanja vile na hana kaburi linalojulikana. Ningeanza na wale wa 21 Julai 1861.